Barua kwa mwanangu: anayelilia wani ya nne

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikamwita na mama yako naye ausikilize, maana uliongea kwa hasira na mimi sikutaka kukujibu kwa hasira hiyohiyo. Nirudie ulichosema, nihakikishe tumeelewana. Binti uliyemfundisha Kemia, wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, matokeo yake ya kidato cha sita yametoka: Baiolojia A, Kemia A, Fizikia B. Divisheni wani ya pointi nne, na pointi chache ndizo bora. Akaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao, akarekodi sauti analia, anasema amefeli, hajui atauficha wapi uso wake. Mle kundini yumo kijana mwenye thrii ya kumi na tatu, yaani divisheni thrii ya pointi kumi na tatu, ambaye siku nzima alikuwa kimya. Akaandika: "Wewe unalia na A mbili, sisi tulie na nini?" Yakafuata matusi, wengine wakajitoa. Na wewe mwalimu wao unaniuliza: "Baba, haya ni majivuno au ni maumivu? Nimwambie nini huyu mtoto?"

Mama yako alijibu kabla yangu. Kasema ni kukufuru, mtu kapewa neema anaitemea mate, kisha akarudi zake jikoni. Unamjua, sikumbishia. Ila mimi nimekula chaki miaka yangu yote ya kazi, na Jiografia ya kidato cha nne nimeisahihisha misimu mingi, na naona jibu lake ni fupi mno kwa swali lako.

Wapo walalamishi ambao wala hawahitaji barua. Yupo yule anayetoka chumba cha mtihani kashika kichwa, "Jamani leo nimeumia, swali la tatu sijaligusa," matokeo yakitoka ana A. Huku kwetu Tanga huyo hatumshangai, maana amelelewa aogope kijicho. Baba yake ukimuuliza biashara inakwendaje atakwambia tunasukuma tu, na duka limejaa mpaka barazani. Mtoto akikua humo hawezi kusema hadharani kwamba mtihani ulikuwa mwepesi. Ubaya wake ni kwamba wenzake wanamwamini, wanakwenda kulala na homa. Halafu yupo yule anayelia ili aambiwe, "Wewe tena? Wewe si ndiye wa kwanza wilaya nzima!" Huyo mnyime sifa kwa muda mfupi tu, machozi yatakauka yenyewe.

Binti yako, kwa ulivyonieleza, si mmoja wa hao. Anayetafuta sifa hazimi simu siku mbili baada ya kulia. Huyu anaamini anachokisema, na hapo ndipo swali lako linapopata uzito.

Mtazame alikotoka. Ulisema alisoma shule ya kata na hakuna mtihani ambao hakuwa wa kwanza, ndipo akachaguliwa kuja hapo kwenu. Shule za vipaji maalumu zote ziko hivyo, iwe Ilboru au Mzumbe, Kibaha au Tabora, Kilakala au Msalato: zinakusanya watoto ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Mtihani wa kwanza wa ndani ukitoka, anabaki wa kwanza mmoja. Wengine wote inabidi wajifunze jambo ambalo hawajawahi kulifanya, kuwa wa kumi na saba. Wapo wanaolimudi, wanacheka, wanatafuta timu ya mpira au kwaya, maisha yanaendelea. Na wapo wanaokataa kulijifunza. Hao wanasema moyoni, hapa ndani wamenipita, subirini mtihani wa taifa. Miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita wanaishi kwa ajili ya karatasi moja. Karatasi hiyo ikija na B ndani yake, wewe unaona B ya Fizikia, yeye anaona kwamba wale waliompita walikuwa na haki ya kumpita.

Na sisi watu wazima hatukai mbali na jambo hili. Panda basi kutoka hapa kwenda Dar, usome mabango ya shule binafsi njiani. Divisheni wani hamsini na kitu, tuu saba, thrii hakuna, foo hakuna, ziro hakuna. Wale saba wa tuu na wao wanapanda mabasi, wanalisoma bango hilo kila wakipita. Na hapo hujaambiwa habari za mchujo, wale waliohamishwa kidato cha pili au cha tatu kwa sababu wastani wao haukufika wa shule, ili bango libaki safi. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Mimi niliunga mkono. Wastaafu wenzangu pale kijiweni walisema tunaua ushindani. Basi, waliosema hivyo wangesubiri kidogo tu wangeona hakuna kilichokufa: Baraza likaacha kutangaza, wazazi wakatangaza wenyewe kwenye stetasi, shule zikachapisha mabango makubwa zaidi. Mtoto wa siku hizi anaweza kupata divisheni wani saa nne asubuhi na kufika saa sita mchana ameshaona wani ishirini nzuri kuliko yake.

Sasa nikwambie kuhusu hiyo B yenyewe, kwa sababu nadhani mtoto huyu hajui imetoka wapi. Kidato cha sita A inaanzia 80, B ni 70 mpaka 79. Kidato cha nne A inaanzia 75. Kwa hiyo mtu yuleyule mwenye 77 kidato cha nne anapewa A, kidato cha sita anapewa B. Kwenye usahihishaji ninaoujua, kila mmoja ana swali lake. Kijitabu cha majibu kinapita mikononi mwa watu kadhaa, kiongozi anarudia baadhi kuhakiki, mwingine kazi yake ni kujumlisha tu. Unaona namba, huoni jina. Jioni macho yanauma, unachowaza ni chakula. Hakuna hata mmoja kwenye meza ile anayekaa akamhukumu binti wa watu kwamba ni mtu wa daraja la pili. Lakini karatasi ikifika kijijini inasomwa hivyo: kwamba Taifa limekaa, limemtazama, limesema wewe ni B.

Na mizani yenyewe husogea. Wewe wakati ule ulikuwa bado mwanafunzi, utakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Yalipotoka mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watahiniwa 240,000 walikuwa na sifuri, na wenye divisheni wani nchi nzima hawakufika 2,000. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, Serikali ikayafuta, na Mei mwaka uleule yakatangazwa upya baada ya kupangwa kwa viwango vingine. Majibu ya watoto hayakuandikwa upya. Kalamu ilikuwa ileile, makosa yaleyale, ila wapo walioamka na daraja jipya. Haukupita muda ikaja GPA, yaani wastani wa alama, badala ya divisheni, wazazi wakaanza kuuliza "distinksheni" ni nini, na mwaka 2016 Waziri wa Elimu Ndalichako akaagiza turudi kwenye divisheni. Jirani zetu Kenya nao walionja: kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, wa 2015 wenye A kamili walikuwa 2,685, mwaka 2016 Waziri wao wa Elimu Matiang'i alipokaza usimamizi wakabaki 141. Watoto wa Kenya hawakupoteza akili ndani ya miezi kumi na miwili.

Mpe na hili, labda litamchekesha. Baraza linamhesabia pointi nne, ambapo kadiri pointi zinavyokuwa chache ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri. Akienda kuomba chuo, kwa hesabu ya TCU, tume ya vyuo vikuu, A ni pointi 5 na B ni 4, kwa hiyo karatasi ileile inampa 14 kati ya 15, na huko pointi nyingi ndizo nzuri. Nne au kumi na nne, ni Fizikia ileile.

Pamoja na yote hayo, usimwambie ashukuru. Najua ndilo neno lililo karibu na ulimi, na mama yako angekupigia makofi. Lakini neno hilo ukimwambia mtu kabla hujamsikiliza, analisikia kama "nyamaza."

Utanielewa zaidi kwa mambo ya riadha. Mwaka 1995 watafiti watatu wa Marekani, Medvec, Madey na Gilovich, walichapisha utafiti wao juu ya Michezo ya Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Walichukua picha za televisheni za washindi, wakawaonyesha watu nyuso zile bila kuwaambia nani kapata medali gani, wakawaomba wapime furaha. Wenye shaba wakaonekana wana furaha kuliko wenye fedha. Maelezo yao ni kwamba wa pili anaitazama dhahabu iliyomponyoka, wa tatu anautazama mkono mtupu aliouponyoka yeye.

Sasa lete kwetu. Moscow 1980, mimi nilikuwa kijana, Filbert Bayi aliongoza sehemu kubwa ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Malinowski wa Poland akaja kumpita kwenye mzunguko wa mwisho. Suleiman Nyambui naye akawa wa pili mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Fedha mbili, na mpaka Michezo ya Paris 2024 nchi hii haijaongeza medali nyingine ya Olimpiki. Sijawahi kumsikia Mtanzania akisema "fedha tu." Tunawataja kwa fahari, na tuna haki. Ila mimi sikuwa nakimbia. Aliyekuwa uwanjani, akaona mgongo wa mwenzake unamwacha zimebaki hatua chache, huenda alikuwa na hesabu nyingine kabisa kichwani, na sioni kwa nini nimwambie hesabu yake ni kufuru eti kwa sababu mimi nilifurahi nikiwa nimekaa kando ya redio. Binti yako yuko uwanjani. Wewe, mimi na yule kijana wa thrii tunaitazama B yake kutoka chini, tunaiona iko juu sana. Yeye anaitazama kutoka kwenye A. Hakuna anayesema uongo kati yenu.

Kwa hiyo swali la kumwuliza ni moja: umepoteza nini? Kisha unyamaze, usimsaidie kujibu. Sikiliza kama atakutajia kitu au atakutajia mtu.

Akikutajia kitu, ujue huenda ana hoja. Kwa mfano ule ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanaofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Orodha ile inaanza juu kabisa na kushuka, na mahali inapokatika panaweza kuwa pointi moja. Kwa mtoto wa mkulima wa mahindi, pointi hiyo ni ada na posho ya miaka mitano ya udaktari. Akililia hilo, analilia mzigo utakaoangukia mgongo wa baba yake, na wala si majivuno. Kaa naye msome sifa zilizotangazwa mwaka huu kabla hajaamua kwamba amekosa. Na kama si ufadhili, Bodi ya Mikopo ipo, aanze kukusanya nyaraka zake sasa, asisubiri dirisha lifunguliwe. Kama anachokililia ni chuo cha udaktari cha Muhimbili, mwambie aombe Muhimbili, na aombe na Bugando, na KCMC, na Dodoma. Kwa pointi 14 asiogope kuomba popote.

Na kama anaamini kweli Fizikia yake ilisahihishwa vibaya, Baraza lina utaratibu wa rufaa, wenye muda wake na ada yake. Akate rufaa. Kwenye lile kundi la darasa hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kubadilisha B ikawa A.

Akikutajia mtu, hapo kazi ni nyingine. "Baba atasema nini." "Shangazi ameshawaambia watu kanisani kwamba mimi ni daktari." "Fulani kapata wani ya tatu." Mtoto huyo Fizikia haimuumi hata kidogo. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, A masomo yote isipokuwa Kiswahili, ambacho alipata B. Kwa kuwa wanahesabu masomo saba bora, alikuwa na wani ya saba, hakuna zaidi ya hiyo. Alikuja shuleni amenuna, hakumuuliza mwalimu wa Kiswahili hata siku moja ni wapi alipoteza, insha au sarufi. Alitaka kujua jambo moja tu, kama kuna mwingine aliyepata A zote. Nilipomwambia yupo, akaondoka. Angekuwa analililia somo lenyewe angebaki. Watu wa namna hiyo huwezi kuwatibu kwa hesabu za TCU. Kama ni baba, mpigie baba. Mwalimu akimpigia mzazi na kusema "mzee, hongera, mwanao amefanya kazi kubwa," mara nyingi nyumba inabadilika siku hiyohiyo, kwa sababu mzazi wa kijijini hajui kama wani ya nne ni nzuri au mbaya mpaka amwone mtoto analia au anacheka.

Nimefika kwa lile linaloniudhi mimi, na hapa nakubaliana na hasira yako. Maumivu yake ni halali. Mahali alipoyamwaga si halali. Alijua nani yumo kwenye kundi lile. Amekaa nao miaka miwili, bweni moja, meza moja ya chakula. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alimjua, waliazimana madaftari. Ukisema "nimefeli" kwa A mbili na B mbele ya mwenye D mbili na E, unampa jina la matokeo yake bila kumtaja: kama hiki ni kufeli, chake kinaitwaje? Hilo mwambie, na usilipunguze makali. Msubiri tu kwanza atulie. Angeweza kukupigia wewe, au mama yake, au rafiki mmoja. Na arudi kundini aombe radhi kwa maneno mafupi, bila kueleza kwa nini alilia, maana wasomaji wa maelezo hayo ni walewale.

Yule kijana umemtaja mara moja tu kwenye ujumbe wako, na wewe ni mwalimu wake pia. D mbili na E moja kwa Baraza ni 13. Kwa TCU, D ni 2 na E ni 1, kwa hiyo ana 5, na kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa ujumla ni masomo mawili yaliyofikisha angalau E yenye jumla ya pointi 4. Udaktari hataupata kwa njia hiyo, tusimdanganye. Lakini zipo shahada nyingine za sayansi, na kwa ufaulu wake wa kidato cha nne anaweza kuomba stashahada ya utabibu au ya maabara kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Matabibu ndio wanaotuhudumia sisi hapa zahanati. Daktari tunamwona kwa rufaa. Inawezekana mpaka sasa hakuna aliyemkalisha chini akamfanyia hesabu hiyo. Watu wote walikuwa wanabembeleza mwenye A mbili.

Mpigie huyo kwanza, kabla ya binti. Dirisha la maombi halimsubiri mtu aliyejifungia ndani, na mtu wa thrii akichelewa awamu ya kwanza nafasi zake zinapungua haraka kuliko za mtu wa wani. Muulize ana bando la kujaza fomu. Kama hana, mtumie, nitakurudishia.

Mama yako anakusalimu, anasema ukija Desemba umletee maharage ya huko, yale ya njano, na usinunue stendi. Nimemsomea barua hii hadi hapa. Kasema bado ni kukufuru, ila huyo kijana wa thrii nimwongezee na nauli.

Baba yako